Hospitali ya Taifa ya Muhimbili

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili (kifupi: MNH) ni hospitali kubwa ya umma iliyopo katika eneo la Upanga Magharibi, wilaya ya Ilala, jijini Dar es Salaam, Tanzania. Ni hospitali ya rufaa ya ngazi ya taifa, yaani inapokea wagonjwa walioshindikana kutibiwa katika hospitali za wilaya, za mikoa na za kanda. Pia ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), ambacho kipo katika eneo hilohilo.

Hospitali ina vitanda takriban 1,500 katika eneo la Upanga. Tangu mwaka 2018 inasimamia pia hospitali ya Mloganzila, iliyoko pembezoni mwa jiji katika wilaya ya Ubungo.

Historia ya Muhimbili inafuatana na historia ya nchi yenyewe. Ilianza wakati wa ukoloni, ambapo watu walitibiwa kwa kutengwa kufuatana na rangi zao. Ikapita katika miaka ya matibabu bila malipo baada ya uhuru. Na tangu miaka ya 1990 imo katika kipindi cha uchangiaji wa gharama na bima za afya. Katika vipindi vyote hivyo swali kubwa lilibaki lilelile: hospitali moja ya umma inawezaje kuwahudumia wakazi wa mji unaokua haraka, na wakati huohuo kuwa kimbilio la mwisho la wagonjwa wa nchi nzima?

Jina

Muhimbili ni jina la eneo ambalo hospitali imejengwa. Kabla ya jina hilo hospitali iliitwa Hospitali ya Princess Margaret, na iliyoitangulia ilijulikana kama Hospitali ya Sewa Haji.

Jina la Sewa Haji halikupotea. Mpaka leo jengo mojawapo la wodi huitwa Sewahaji. Majengo mengine ya wodi yanayojulikana sana kwa wakazi wa Dar es Salaam ni Kibasila na Mwaisela. Mtu akisema mgonjwa wake "amelazwa Mwaisela" au "yupo Kibasila", watu wa jiji huelewa bila kutajiwa jina la hospitali.

Historia

Wakati wa Wajerumani

Dar es Salaam ilifanywa makao makuu ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1891. Mji ulikuwa bado mdogo, lakini ulikuwa ukipokea maofisa, askari, wafanyabiashara na vibarua. Malaria na magonjwa mengine ya pwani yalikuwa tishio kwa wote. Katika miaka ya 1897 na 1898 daktari mashuhuri wa Ujerumani Robert Koch alikaa Dar es Salaam akifanya utafiti kuhusu malaria.

Katika muongo huohuo zilianzishwa hospitali mbili tofauti. Wazungu walijengewa hospitali ufukweni mwa bahari, katika barabara ambayo baadaye iliitwa Ocean Road. Jengo lake lenye kuta nyeupe na minara bado lipo. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali nyingine mjini, iliyopatikana kwa fedha za Sewa Haji Paroo.

Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 1851. Alitajirika kwa kuuza bidhaa na kutafuta wapagazi kwa ajili ya misafara iliyokwenda bara; miongoni mwa wateja wake alikuwemo Henry Morton Stanley. Alitoa sehemu ya mali yake kwa ajili ya shule na hospitali, kwanza Bagamoyo na kisha Dar es Salaam. Alifariki Zanzibar mwaka 1897. Hivyo hospitali ya kwanza ya watu wa kawaida mjini Dar es Salaam haikutokana na kodi ya koloni peke yake, bali na sadaka ya mkazi wa pwani.

Wakati wa Waingereza

Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa na kutawaliwa na Uingereza. Utaratibu wa kutenganisha wagonjwa uliendelea: hospitali ya Ocean Road ilibaki ya Wazungu, na Hospitali ya Sewa Haji ilibaki ya Waafrika na Waasia.

Tatizo la Hospitali ya Sewa Haji lilikuwa udogo wake. Ilikusudiwa kwa mji wa mwisho wa karne ya 19, lakini kufikia miaka ya 1940 Dar es Salaam ilikuwa imepanuka kwa sababu ya bandari, reli na kazi za mjini. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliamua kujenga hospitali mpya katika eneo la Muhimbili, ambalo lilikuwa na nafasi ya kutosha na halikuwa mbali na makazi ya Waafrika ya Kariakoo.

Hospitali hiyo mpya ilianza kazi mwaka 1956 na kupewa jina la Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth II, ambaye alizuru Tanganyika mwaka huohuo. Ilichukua nafasi ya Hospitali ya Sewa Haji. Majengo yake yalienea juu ya eneo kubwa, na kati yake ziliachwa njia na nafasi za wazi ili upepo upite. Mpangilio huo unaonekana mpaka leo katika sehemu za zamani za hospitali.

Baada ya uhuru

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Hospitali ilibadilishwa jina ikaitwa Hospitali ya Muhimbili, na ubaguzi wa rangi katika matibabu ukakomeshwa.

Tatizo la kwanza la nchi mpya halikuwa majengo bali wataalamu. Madaktari wazalendo wenye shahada walikuwa wachache mno, na wengi wao walikuwa wamesomea Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda. Kwa hiyo mwaka 1963 Wizara ya Afya ilianzisha Shule ya Tiba ya Dar es Salaam katika eneo la hospitali. Mwaka 1968 shule hiyo ilipandishwa hadhi ikawa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Tangu hapo sehemu kubwa ya madaktari wa Tanzania wamejifunza kazi yao katika wodi za Muhimbili.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadilisha mwelekeo wa sera ya afya. Serikali ya Julius Nyerere ilieleza kuwa Watanzania wengi wanaishi vijijini, hivyo haifai fedha nyingi za afya kuishia katika hospitali chache za mijini. Katika miaka ya 1970 mkazo uliwekwa katika kujenga zahanati na vituo vya afya vijijini na katika kufundisha waganga wasaidizi na wakunga. Matibabu katika vituo vya serikali yalitolewa bila malipo. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali za binafsi zinazoendeshwa kwa faida. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1991.

Sera hiyo iliwafikishia huduma watu wengi ambao hawakuwa nayo awali. Kwa upande wa Muhimbili ilikuwa na matokeo mawili. Kwanza, hospitali haikupanuliwa kwa kasi ya ukuaji wa mji. Pili, kwa kuwa hospitali za binafsi zilikuwa chache, wakazi wa Dar es Salaam wa hali zote, kuanzia vigogo wa serikali mpaka makuli wa bandarini, walitegemea hospitali hiyohiyo.

Kituo cha Tiba Muhimbili

Mwaka 1976 hospitali na Kitivo cha Tiba viliunganishwa kuwa chombo kimoja kilichoitwa Kituo cha Tiba Muhimbili. Kusudi lilikuwa kuweka matibabu, mafunzo na utafiti chini ya uongozi mmoja.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Kupanda kwa bei ya mafuta, vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda mwaka 1978-1979 na kushuka kwa bei za mazao ya biashara vilidhoofisha uchumi wa nchi. Katika miaka ya 1980 hospitali za umma zilikosa dawa, glavu, shuka na vipuri vya mashine. Mishahara haikutosha, na baadhi ya wataalamu walihamia nchi nyingine.

Wakati huohuo idadi ya wagonjwa iliongezeka. Ugonjwa wa UKIMWI uligunduliwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, na baada ya miaka michache wodi za magonjwa ya ndani za Dar es Salaam zilijaa wagonjwa ambao wakati ule hawakuwa na dawa ya kuwasaidia.

Mageuzi tangu miaka ya 1990

Mwaka 1991 Kitivo cha Tiba kilifanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya cha Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1993 serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama za matibabu, ukianzia katika hospitali za rufaa. Matibabu ya bure kwa wote yakawa yamekwisha.

Mwaka 2000 Bunge lilipitisha sheria iliyovunja Kituo cha Tiba Muhimbili. Hospitali na chuo vikatenganishwa tena, na hospitali ikapata jina lake la sasa, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ikiwa na bodi na mkurugenzi mtendaji wake. Chuo nacho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007 na kuitwa MUHAS. Ingawa ni taasisi mbili kisheria, zinaendelea kushirikiana kila siku: walimu wa chuo hutibu katika hospitali, na madaktari wa hospitali hufundisha wanafunzi.

Nafasi katika mfumo wa rufaa

Mfumo wa afya wa Tanzania umepangwa kama ngazi. Mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya. Akishindikana hupelekwa hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa ya mkoa, kisha ya kanda, kama vile KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Ngazi ya mwisho ni hospitali ya taifa.

Kwa utaratibu huo mgonjwa anatakiwa kufika Muhimbili akiwa na barua ya rufaa. Lakini kwa miaka mingi wakazi wa Dar es Salaam walikwenda Muhimbili moja kwa moja hata kwa homa au jeraha dogo, kwa sababu ilikuwa karibu na iliaminika kuwa na wataalamu. Matokeo yake daktari bingwa aliyetakiwa kuwaona wagonjwa wenye matatizo makubwa alijikuta akihudumia foleni ya wagonjwa ambao wangeweza kutibiwa na mganga wa zahanati.

Sababu kubwa ni ukuaji wa jiji. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu takriban watu 273,000 jijini Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huo, na ile ya 2022 watu 5,383,728. Hospitali iliyofunguliwa mwaka 1956 haikukusudiwa kwa mji wa ukubwa huo.

Ili kupunguza msongamano, hospitali tatu za jiji ziliimarishwa: Amana kwa wilaya ya Ilala, Mwananyamala kwa Kinondoni na Temeke kwa wilaya ya Temeke. Hospitali hizo zilipewa uwezo wa kufanya upasuaji na kuzalisha akina mama, na baadaye zikapandishwa kuwa hospitali za rufaa za mkoa. Mjamzito asiye na matatizo hana sababu ya kwenda Muhimbili. Anayepelekwa huko ni yule mwenye kifafa cha mimba, anayetokwa na damu nyingi au mwenye tatizo jingine linalohitaji wataalamu. Kwa sababu hiyo wodi ya wazazi ya Muhimbili hupokea sehemu kubwa ya uzazi wenye hatari katika jiji, na wodi ya watoto wachanga hutunza watoto njiti wengi, ambao baadhi yao hulelewa kwa njia ya kangaruu, yaani kufungwa kifuani kwa mama ili wapate joto la mwili wake.

Taasisi zilizotokana na Muhimbili

Huduma kadhaa zilizoanza kama idara za Muhimbili zimekuwa taasisi za kujitegemea.

Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Profesa Philemon Sarungi, daktari bingwa wa mifupa ambaye aliwahi kuwa Waziri wa Afya. MOI hutibu mifupa, ajali, ubongo na uti wa mgongo. Kazi yake imeongezeka kutokana na ajali za barabarani, hasa za pikipiki za bodaboda. Hupokea pia watoto wenye vichwa vikubwa na wenye mgongo wazi kutoka mikoa mbalimbali.

Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ilipata mamlaka yake mwaka 1996. Inatumia jengo lilelile lililojengwa na Wajerumani kwa ajili ya Wazungu peke yao. Leo wagonjwa wa saratani kutoka pande zote za Tanzania hupata mionzi humo.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) ilitokana na idara ya moyo ya Muhimbili. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa waliohitaji upasuaji huo walipelekwa nje ya nchi, hasa India, na orodha ya waliosubiri ilikuwa ndefu. Jengo la taasisi lilijengwa kwa msaada wa serikali ya China, na taasisi ilianza kujitegemea mwaka 2015.

Wageni wengi hawatofautishi taasisi hizi, kwa kuwa MOI na JKCI zipo ndani ya uzio uleule wa Muhimbili. Lakini kila moja ina uongozi, bajeti na dirisha lake la malipo.

Huduma mpya

Idara ya Magonjwa ya Dharura

Hadi mwaka 2009 majeruhi na wagonjwa mahututi walioletwa Muhimbili walipokelewa katika chumba cha mapokezi na kusubiri kugawanywa kwenye wodi. Mwezi Januari 2010 ilifunguliwa Idara ya Magonjwa ya Dharura, ya kwanza ya aina yake katika hospitali ya umma nchini Tanzania. Ilijengwa kwa ushirikiano wa serikali na mfuko wa Abbott wa Marekani, ambao pia ulisaidia kujenga maabara ya kisasa.

Katika idara hiyo mgonjwa hapangwi kwa kufuata nani aliyetangulia kufika, bali kwa kufuata hatari aliyo nayo. Muuguzi humpima haraka. Asiyeweza kupumua huingizwa mara moja, na mwenye mkono uliovunjika husubiri. Mwaka huohuo MUHAS ilianza kufundisha madaktari bingwa wa magonjwa ya dharura. Wahitimu wa kwanza walimaliza mwaka 2013.

Kabla na baada ya idara hiyo, Muhimbili imepokea majeruhi wa maafa makubwa ya nchi. Miongoni mwao ni waliojeruhiwa katika mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998, uliowaua watu 11 jijini Dar es Salaam. Wa milipuko ya maghala ya silaha ya jeshi huko Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011. Na walioungua katika ajali ya lori la mafuta mjini Morogoro mwezi Agosti 2019, iliyoua watu zaidi ya 100.

Selimundu, methadoni na upandikizaji

Mwaka 2004 ulianza mpango wa utafiti na matibabu ya selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu ambao unawapata watoto wengi nchini. Kiongozi wake, Profesa Julie Makani, alipata kujulikana kimataifa, na kundi la wagonjwa wanaofuatiliwa Muhimbili ni kati ya makubwa zaidi duniani kwa kituo kimoja.

Mwezi Februari 2011 ilifunguliwa kliniki ya methadoni kwa ajili ya watumiaji wa heroini. Ilikuwa kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika bara la Afrika kusini kwa Sahara. Mgonjwa hufika kila siku kunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na kwa njia hiyo huacha sindano, ambazo hueneza Virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Mwaka 2017 hospitali ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto wasiosikia, na mwezi Novemba mwaka huohuo ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, kwa kushirikiana na madaktari kutoka India. Hatua hizi zilipunguza haja ya kuwapeleka wagonjwa nje kwa gharama ya serikali. Hata hivyo mgonjwa wa figo anahitaji ndugu aliye tayari kumchangia figo, na baada ya upasuaji anahitaji kunywa dawa maisha yake yote. Asiyepata mchangiaji huendelea kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki.

Mloganzila

Hospitali ya Mloganzila ilijengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini ili iwe hospitali ya kufundishia ya MUHAS. Ina vitanda 571 na ilizinduliwa rasmi na Rais John Magufuli mwezi Novemba 2017. Mwaka uliofuata iliwekwa chini ya usimamizi wa Muhimbili.

Changamoto na malalamiko

Msongamano

Kwa miaka mingi picha iliyojulikana zaidi ya Muhimbili ilikuwa ya wagonjwa wawili au zaidi katika kitanda kimoja, wakilala mzungu wa nne, na wengine wakilala sakafuni chini ya vitanda. Msongamano huo si kero tu. Huongeza hatari ya kuambukizana magonjwa, na humfanya muuguzi mmoja ahudumie wagonjwa wengi kuliko inavyowezekana kwa usalama.

Tarehe 9 Novemba 2015, siku nne tu baada ya kuapishwa, Rais Magufuli alifika Muhimbili bila kutoa taarifa. Alikuta wagonjwa wamelala chini na mashine za MRI na CT-Scan hazifanyi kazi, ilhali wagonjwa walielekezwa kupimwa katika hospitali za binafsi. Alivunja bodi na kubadilisha uongozi siku hiyohiyo. Siku chache baadaye aliagiza sehemu kubwa ya fedha zilizochangwa kwa ajili ya tafrija ya wabunge zinunulie vitanda vya hospitali hiyo.

Hatua hizo zilishangiliwa na wananchi wengi. Ziliibua pia mjadala kama tatizo ni la viongozi wa hospitali au la bajeti, kwani mashine kubwa zinahitaji mikataba ya matengenezo inayolipwa kila mwaka, wagonjwa wakiwepo fedha zisipokuwepo.

Makosa ya kitabibu

Mwezi Novemba 2007 ilitokea katika Taasisi ya Mifupa kuwa wagonjwa wawili walibadilishiwa upasuaji: aliyetakiwa kupasuliwa goti alipasuliwa kichwa, na aliyetakiwa kupasuliwa kichwa alipasuliwa mguu. Tukio hilo lilizungumzwa nchi nzima. Lilionyesha umuhimu wa mambo yanayoonekana madogo, kama vile kumvalisha mgonjwa utepe wenye namba na kumuuliza majina yake yote kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji.

Migomo ya madaktari

Mwezi Januari 2012 madaktari walio katika mafunzo kwa vitendo walianza mgomo ambao ulienea kwa madaktari wengine. Walidai posho na mishahara bora, lakini pia vifaa vya kazi, wakieleza kuwa wanalaumiwa kwa vifo vinavyosababishwa na ukosefu wa vipimo na dawa. Mwezi Februari Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda Muhimbili kuzungumza nao. Mgomo ulisimama, ukaanza tena mwezi Juni. Wakati wa mgomo wa pili kiongozi mmoja wa madaktari alitekwa na kupigwa vibaya, jambo lililoshtua nchi. Madaktari wengi walisimamishwa kwa muda.

Walioumia zaidi walikuwa wagonjwa wasio na uwezo wa kwenda hospitali za binafsi. Kwa sababu hiyo maoni ya wananchi yaligawanyika: wengi waliona madai ya madaktari ni ya haki, lakini hawakukubali njia iliyotumika kuyadai.

Gharama

Tangu uchangiaji uanze, mgonjwa hulipa mwenyewe au hulipiwa na bima, hasa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanza kazi mwaka 2001. Wapo wanaosamehewa kwa mujibu wa sera: wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wasio na uwezo, wagonjwa wa baadhi ya magonjwa sugu na maskini waliothibitishwa. Maombi ya msamaha hupitia idara ya ustawi wa jamii ya hospitali, na mgonjwa hutakiwa kuleta barua ya serikali ya mtaa au kijiji chake.

Utaratibu huo una ugumu wake. Mgonjwa aliyeletwa usiku kutoka mkoa wa mbali hana barua. Ndugu wanaomuuguza hutumia fedha kwa nauli, malazi na chakula hata kama matibabu yamesamehewa. Jambo lililoleta uchungu zaidi kwa familia, katika hospitali mbalimbali nchini, ni kuzuiliwa kwa mwili wa marehemu mochwari mpaka deni lilipwe. Suala hilo limejadiliwa bungeni mara nyingi, na serikali imezielekeza hospitali zitafute njia nyingine za kudai fedha zao. Kwa upande mwingine, hospitali hutegemea makusanyo yake kununua dawa na vifaa, hivyo kila msamaha ni pengo linalopaswa kuzibwa na bajeti ya serikali au na malipo ya wagonjwa wengine.

Hali ya sasa

Mwezi Oktoba 2022 Profesa Mohamed Janabi, aliyekuwa mkurugenzi wa JKCI, aliteuliwa kuiongoza Muhimbili. Mwezi Mei 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika.

Serikali imetangaza mpango wa kujenga upya hospitali ya Upanga, kwa kuwa majengo mengi ni ya miaka ya 1950 na hayakukusudiwa kwa mashine za kisasa, nyaya za umeme na mabomba ya oksijeni yanayohitajika leo. Ujenzi wa namna hiyo unapaswa kufanyika hatua kwa hatua, kwa sababu hospitali haiwezi kufungwa: kwa kawaida hupokea wagonjwa wa nje 1,000 hadi 1,200 kila siku, na hulaza wagonjwa wengine wa idadi kama hiyo kila wiki.